Nusu ya Kitenge cha Minza

Katika madaftari yangu yote kuna ukurasa mmoja tu wenye uongo. Kurasa nyingine zina ujinga, zina malalamiko, zina mambo ambayo leo nikiyasoma naficha uso hata nikiwa peke yangu, lakini uongo upo kwenye ukurasa mmoja. Ni wa Jumamosi moja nikiwa kidato cha tatu, siku tuliyopanda mlima kwenda kuona machimbo ya dhahabu yaliyoachwa juu ya kijiji cha Kisawasawa. Nimeandika kwa kalamu ya bluu, mwandiko mzuri kuliko kawaida yangu: "Minza alikuwa mwezini akaficha, Mzee Kasiani akavunjika mguu." La kwanza si kweli. Daftari lile nililifungia begini kwa kufuli na hakuna mtu aliyewahi kuligusa, kwa hiyo bado najiuliza nilikuwa namdanganya nani. Sasa nina miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha sita, na mwezi uliopita Mzee Kasiani alifariki. Nilikwenda msibani. Niliporudi nilifungua begi, nikausoma ukurasa ule nimesimama, nikaona siwezi kuufuta wala kuuchana. Kilichobaki ni kuandika mwaka ule upya, kama ulivyokuwa.

Mwaka ule mimi na Minza tulipanga chumba kimoja Lumemo, kwa Mama Fadhila, kwa sababu shule yetu haikuwa na bweni na kwetu wote wawili kulikuwa mbali. Wanafunzi wenzetu walipaita geto. Kulikuwa na kitanda cha futi nne, jiko la mkaa, ndoo mbili, na kamba ya kuanikia iliyokatiza juu ya vichwa vyetu. Nyumba haikuwa na dari. Kuta ziliishia pale mtu mrefu anapofikisha mkono, juu yake ni mabati tu, kwa hiyo maneno ya chumba kimoja yaliruka ukuta yakatua chumba cha pili yakiwa mazima. Tulijua fundi baiskeli wa chumba cha jirani amegombana na mkewe kwa ajili gani, na wao bila shaka walijua siku tuliyolala na uji mtupu. Minza alitoka kwao, ng'ambo ya daraja la mto, kwa wafugaji wa Kisukuma, na kila alipotoka likizo alileta mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Tuliichemsha na karanga, tukala kwa mkono kutoka bakuli moja, yeye akiniambia habari za ng'ombe wa baba yake kwa majina, kama mtu anayesimulia wanafunzi wa darasa lake.

Kwa sababu ya ukuta ule, mambo ya kike tuliyasema kwa mikono. Siku zangu zikifika nilimwonyesha Minza kidole cha mwisho; naye zake zikifika, vivyo hivyo. Mimi nilikuwa na aibu ya ajabu. Nilikuwa nikifika dukani nikimkuta mwanaume kaunta, nanunua kiberiti narudi. Minza ndiye aliyetununulia wote wawili. Siku moja nilikuwa nimesimama nje nikamsikia akisema, "Kaka, nipe pedi pakiti mbili, na usinifungie kwenye gazeti kama bangi." Mwenye duka alicheka mpaka akakohoa. Mimi huko nje nilitamani ardhi ipasuke. "We Gau," akaniambia njiani, maana jina langu Gaudensia lilimchosha, "utakufa na hiyo aibu yako. Tutakuzika nayo mkononi." Alikuwa na kitenge cha njano chenye feni za bluu alichopewa na mama yake. Kilipochanika alikikata katikati kwa wembe. Nusu moja ikawa ya kufungia bakuli la chakula cha shule. Nusu nyingine akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa mbele wa begi langu. "Hii ya dharura," akasema. "Nakujua wewe."

Safari ya machimbo ilikuwa ya Mwalimu Mkude wa Jiografia. Alitaka tuone kwa macho yale tuliyokuwa tukikariri ubaoni. Tulishuka garini Kisawasawa asubuhi, umande haujakauka kwenye migomba, wanafunzi kama ishirini, na tukamkuta Mzee Kasiani anatusubiri barabarani na panga na buti za mvua. Alikuwa Mpogoro mwembamba, mrefu, aliyechimba kule juu ujanani mwake na wenzake mpaka dhahabu ikawasusa. Tukamwamkia kwa pamoja, shikamoo babu, akaitikia marahaba wajukuu, kisha akatukagua kama mtu anayechagua mbegu. "Nani kati yenu amekuja kutafuta utajiri?" akauliza. Wavulana wakanyoosha mikono wakicheka. "Haya, nyie mrudi nyumbani mkalime mpunga. Wengine twende."

Tulipanda kupitia mashamba ya kokoa, kisha vichaka, kisha msitu mdogo ulio chini ya mpaka wa hifadhi. Mbega walituangalia juu ya miti na mikia yao mirefu myeupe ikining'inia. Kama saa nne tulifika kwenye kijito, tukakaa juu ya mawe kula. Minza akafungua bakuli letu: wali na dagaa, na michembe pembeni. Jenifa, kiranja wetu, aliyekuwa na ulimi mkali ila si mbaya, alikitazama kile kitenge akasema, "Minza, na feni zote hizo chakula hakipoi?" Watu wakacheka, Minza akacheka kuliko wote, akakipeperusha usoni mwa Jenifa kama anampepea. Nakumbuka vizuri kicheko kile. Ndicho kilichowafanya wote wakikariri kitenge.

Mimi sikucheka kwa sababu tumbo lilikuwa limeanza kuniuma, na nilijua. Zilikuja mapema, siku tano kabla. Nilikwenda nyuma ya vichaka na begi langu, nikafungua mfuko wa mbele, nikaitumia ile nusu ya dharura. Niliporudi nilimkuta Mzee Kasiani amesimama kwenye jiwe, kofia mkononi, sauti imeshuka. "Mabinti zangu," akasema, "sisemi hivi kumwaibisha mtu. Kule juu kuna miiko yake. Hatupigi mluzi, hatuitani kwa majina mbele ya shimo. Na binti mwenye mgeni wa mwezi hapandi. Anabaki hapa kwenye maji anatulindia mizigo, na hakuna atakayemuuliza kwa nini." Mwalimu Mkude alijifanya anatafuta mtandao kwenye simu. Wavulana wakaanza kusukumana viwiko. Joni, ambaye darasani alikaa nyuma yangu kabisa, akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Tuhesabu watakaobaki." Kubaki ilikuwa sawa na kupaza sauti.

Minza alikuwa akinitazama. Alinyanyua kidole cha mwisho kidogo tu, kama swali. Nikageuza uso, akajua. Akasogea akijifanya anafunga bakuli. "Baki," akaninong'oneza. "Nabaki na wewe. Nitasema mguu unauma."

"Wakiona tumebaki wawili watajua ni mmoja wetu."

"Basi wajue ni mmoja wetu. Hawatajua nani."

Sijawahi kupewa kitu kikubwa hivyo na mtu asiye mzazi wangu. Nikakikataa. Nilivaa begi nikawa wa tatu kwenye msafara, nyuma ya Mwalimu, nikitembea haraka ili nisisikie hatua zake nyuma yangu.

Machimbo hayakufanana na nilivyoyawaza. Nilitegemea pango, labda kitu kinachong'aa. Ilikuwa ni uwanja mdogo ubavuni mwa mlima, vichungu vya kokoto vimeota nyasi, gurudumu la mashine ya kusagia mawe limeshika kutu, na mti umeota katikati yake ukalinyanyua. Duara lenyewe, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo la kushukia, lilikuwa mraba mweusi kama mlango uliolazwa chini, limezungushiwa magogo, na juu yake ubao mpana mmoja wa kukanyaga. Baridi ilitoka mle ndani na harufu ya popo. Wavulana walijaza mifuko mawe yenye vumbi la kumeremeta, Mzee akawaambia, "Hiyo ni ulanga, haiwezi kukununulia hata andazi," wakayatupa kwa huzuni. Nilijitenga nyuma ya kichungu kimoja cha kokoto. Kitambaa kilikuwa kimelowa. Nilivua soksi zangu za shule nikabadilisha, nikakizika kile kitenge chini ya mawe matatu karibu na rundo la miti mikavu, nikajiambia baada ya mvua moja hakuna atakayejua.

Mzee Kasiani alikuwa akituonyesha jinsi walivyoshuka zamani. Alivua buti, akakanyaga ubao peku, akainama kushika gogo. Ubao haukulia kama kuni inavyolia. Ulitoa sauti laini, kama boga lililooza, na yeye akapotea. Nilisikia kilio kimoja kifupi. Alikuwa ameangukia kwenye ngazi ya udongo, kimo cha mtu hivi, mguu umekunjika upande usiokunjika. Lazima niseme wavulana walifanya kazi siku ile. Walifunga masweta mikono kwa mikono, Joni akashuka mwenyewe, wakamtoa. Kisha Mwalimu akapiga kelele zitafutwe fito za machela. Joni na mwenzake wakakimbilia lile rundo la miti mikavu. Walipovuta fito ya chini, kokoto zikaporomoka, mawe yangu matatu yakaviringika, na kile kitambaa kikatokeza, njano, feni za bluu, na damu yangu.

Jenifa alisema polepole, kama mtu anayesoma jina kwenye daftari la mahudhurio, "Hizo feni nazijua." Macho yote yakaenda kwa Minza. Bakuli lilikuwa mkononi mwake, limefungwa kwa ile nusu nyingine. Minza alinitazama mimi. Hakunitazama kwa muda mrefu, ulikuwa muda wa kutosha kusema "ni changu", na mimi niliutumia kutazama viatu vyangu visivyo na soksi. Mzee Kasiani, macho yamefumbwa pale chini, akasema, "Nilisema mimi. Nilisema."

"Mbebeni mzee kwanza," Minza akasema. "Mtanisema njiani."

Na walimsema njiani. Walimsema Jumapili, Jumatatu darasani wakamwita Duara, wavulana wakivuta madawati yao nyuma kila alipopita, wakishika magoti na kulia, "Mguu wangu!" Mchana wa Jumanne tulikuwa tumelala chali kitandani baada ya shule, joto limejaa chini ya mabati, tukamsikia mke wa fundi baiskeli akiongea na mgeni wake upande wa pili wa ukuta. "Kako hapo ndani. Hako hako ka Kisukuma. Mzee wa watu sasa ana chuma mguuni." Mgeni akajibu, "Wafugaji hao, mwiko wa watu wataujulia wapi? Wanajua mwiko wa ng'ombe." Wakacheka, si kwa ubaya sana, kama watu wanaochambua mchicha. Minza alikuwa akitazama bati. Akanisogelea mpaka mdomo wake ukagusa sikio langu.

"Baba anakuja kesho. Familia ya mzee imemwita. Ukitaka kusema, sema kabla hajaongea yeye. Akishaongea, litakuwa la wakubwa, halirudi."

"Mbona wewe mwenyewe husemi?"

"Nikisema mimi nitakuwa nimekuchoma. Ukisema wewe utakuwa umesema." Kisha akaongeza, "Baba akiona ninavyotazamwa hapa ataniondoa shule, Gau. Namjua."

Nikaitikia kwa kichwa. Niliitikia kweli, nilikuwa nimeamua. Watu wakisoma hili watadhani nilikuwa mwongo tangu mwanzo, lakini mchana ule niliamua, na nililala nikiwa mwepesi.

Sebule ya Mama Fadhila ilikuwa na makochi mawili yenye vitambaa vya kufuma na runinga iliyofunikwa kama mgonjwa. Jumatano alasiri walikaa mle Mwalimu Mkude, Mama Fadhila mwenyewe, na Deo, mtoto wa mwisho wa Mzee Kasiani, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyevaa shati jipya kwa ajili ya kikao. Mimi nilipewa kazi ya chai. Baba yake Minza alifika na baiskeli, amemfunga mbuzi kwenye mpapai, akaacha fimbo yake mlangoni, akavua kofia. Alikuwa mzee wa mvi, mabega mapana. Alipiga hatua mbili ndani, akainama mbele ya Deo, akasema, "Shikamoo."

Kila mtu alisikia. Deo angeweza kuwa mjukuu wake. Nilisubiri Deo aruke, aseme hapana mzee, mimi ndiye nakuamkia. Deo alikohoa akasema, "Marahaba."

"Sisi ni wageni huku," baba yake Minza akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, kila neno analiweka chini kabla ya kuchukua lingine. "Mtoto amevunja mwiko wenu, mzee wenu ameumia. Nimekuja na mbuzi. Mfanye kama mnavyofanya nyie. Naomba radhi."

"Mimi kisayansi siamini mambo haya," Mwalimu Mkude akasema, "ila mila ni mila, lazima tuziheshimu." Akashusha macho. Nadhani na yeye alikuwa na aibu yake, maana safari ilikuwa yake na ubao ule alikuwa ameuona.

Deo aliongea kuhusu baba yake, hospitali, na jinsi familia isivyotaka ugomvi. Akapokea mbuzi kwa niaba ya wakubwa. Kisha akatazama chumba chote na kuuliza, "Kuna mwenye la kuongeza kabla hatujafunga?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia. Minza alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni ya baba yake, kichwa chini, mikono mapajani. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Hakunitazama. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo, na pumzi ilikuwepo.

"Chai iko tayari," nikasema.

Wakacheka kidogo, kile kicheko cha watu walioshukuru kikao kimeisha. Nikapita na sinia. Baba yake Minza alipokea kikombe kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mwanangu," akanywa yote bila kuweka chini. Kisha akasimama. "La mzee nimemaliza. Sasa la kwangu. Huyu namchukua."

"Mzee, mitihani ni mwezi ujao," Mwalimu akasema.

"Mwalimu, nimeona mnavyomtazama. Hata ng'ombe ukimtazama hivyo hanenepi."

Minza alifungasha kwa muda mfupi kuliko ninavyoandika hapa. Hakuninunia, hakulia. Alichukua bakuli lake, akakifungua kile kitenge kilicholifunga, akakikunja mara nne, akakiweka upande wangu wa kitanda. Nilipobaki peke yangu nilitoa daftari. Ukurasa wa Jumamosi ulikuwa bado mweupe. Siku nne nilikuwa nimeuruka. Nikaujaza.

Kwa miaka mitatu sikumwona. Nilisikia amejifunza ufundi wa kuchomelea, yuko Sanje anatengeneza mageti. Mimi nilifaulu, nikaendelea, nikawa binti anayetolewa mfano. Kisha mwezi uliopita nikasikia Mzee Kasiani amekufa, nikapanda gari mpaka Kisawasawa na khanga kiunoni, nikiwa sijui nakwenda kufanya nini.

Baada ya maziko watani waliingia kazini. Marehemu alikuwa na mtani wake Mngoni, mzee mmoja mnene mwenye sura ya huzuni, na utani wa msibani haujui huruma. Alitokea nyuma ya nyumba amefunga kilemba cha njano, anachechemea na mpini wa jembe, anaita kwa sauti ya marehemu kabisa, "Jamani, mimi Kasiani! Dhahabu imenikimbia, mke amenichoka, na mguu nimevunjwa na hedhi ya Msukuma!" Watu walianguka kwa kicheko. Hata mjane alicheka huku anajifuta machozi. Nami nikageuka kutafuta mahali pa kutazama, nikamwona Minza amesimama na wanawake wa jikoni. Ana alama ndogondogo za moto mikononi, za cheche. Alikuwa akitabasamu lile tabasamu la mtu aliyekwisha kuzoea.

Sijui niliinukaje. Mimi ambaye hata kusoma somo kanisani nilikataa. Nilisimama katikati ya uwanja ule nikasema, "Si Minza. Ile damu ilikuwa yangu. Kile kitambaa nilikificha mimi."

Kisha mtani akatupa mpini chini, akashika kichwa. "Mwingine huyo! Fichani miguu yenu!" Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Mtu akaleta masizi ya sufuria, mtani akanipaka paji la uso, akinidai faini ya kuingilia msiba bila zamu, wanawake wakapiga vigelegele. Walidhani nimejitolea kuchekesha. Wakanipenda kwa hilo. Mtu mmoja tu hakucheka, naye alikuja akanishika mkono akanipeleka nyuma, kwenye masufuria.

Tuliyasugua kwa majivu. Mjane alipita na ndoo, akasimama. "Wewe binti wa masizi, umetuchekesha," akasema. "Ila marehemu mwenyewe alikuwa akisema kila siku: ubao ule mchwa waliumaliza, na nilijua. Sasa ubao una baba wa kuja na mbuzi?" Akaenda zake. Minza aliendelea kusugua.

"Nimekwishasema," nikamwambia.

"Nimesikia."

"Hawakuamini."

"Mimi nilijua, kwa hiyo mimi hukuniambia kitu." Alimwaga maji, akageuza sufuria. "Baba hajui mpaka leo. Anadhani ni mimi."

"Hukumwambia?"

"Ningemwambia nini, Gau? Kwamba alimwamkia yule mtoto kwa ajili ya binti wa watu, na mimi nimekaa pembeni nanyamaza? Ningemmaliza." Akajifuta mikono kwenye khanga. "Jumapili nakwenda nyumbani. Kama una la kusema, kuna nafasi kwenye pikipiki."

Nikaenda. Tulivuka daraja asubuhi, tukaiacha lami, tukapita mashamba ya mpunga mpaka nyasi zikatufikia magotini pande zote. Nilikuwa na ile nusu ya kitenge begini, imekunjwa mara nne. Baba yake alikuwa amekaa nje kwenye kiti kifupi cha miguu mitatu, amezeeka kuliko miaka iliyopita. Minza alimsalimia kwa lugha yao. Mimi nilipiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alinitazama, akakunja uso, kisha uso ukafunguka. "Wewe nakujua. Wewe ndiye wa chai." Akamgeukia mkewe aliyekuwa anatoka ndani na maziwa ya mgando. "Huyu ndiye nilikwambia. Siku ile, katika nyumba nzima, ni huyu peke yake aliyenipa kitu."

Nilitoa kitenge nikakiweka chini mbele yake, nikasema yote. Sikusema vizuri. Nilianzia katikati, nikarudi kwenye kijito, nikamtaja Joni bila sababu. Mama yake Minza alibaki amesimama na kibuyu mkononi. Nilipomaliza mzee alikitazama kile kitambaa, asikiguse, kisha akauliza swali moja.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na sita, baba."

"Na huyu?" Alimwelekeza Minza kwa kidevu.

"Kumi na sita."

"Haya," akasema. Akachukua fimbo yake, akainuka kwa kushika goti, akaenda kwenye ng'ombe.